Mwaa Chini ya Tairi

"Saizi gani, mzee wangu?"

Ilikuwa mara ya tatu Mwinjuma anaulizwa swali hilo, na kwa mara ya tatu akatoa jibu lilelile, ila sauti ilikuwa imeshuka. "Ya Bedford, kijana wangu. Tairi la nyuma."

"Bedford ni gari. Mimi nauza matairi. Saizi gani?"

Wateja wengine wakacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Kilikuwa cha watu waliosimama juani muda mrefu na kupata cha kuwachangamsha. Lakini kilimchoma Mwinjuma. Kule Kibiti hata imamu humwita Dereva Mwinjuma. Miaka kumi na minane anaendesha lori lake mwenyewe, analijua kwa mlio kama mzazi anavyomjua mwanawe kwa kikohozi, na leo hapa Gerezani, Dar es Salaam, mbele ya vijana wenye raba nyeupe, hajui lori lake linavaa kiatu namba ngapi.

Angejuaje? Zamani, nayo si zamani ya mbali, tairi halikuwa kitu cha kuchagua. Uliomba kibali, ukangoja mwaka mzima, ukaitwa ofisini, karani akaandika alichokijua yeye, ukapewa matairi mawili na ukamshukuru Mungu. Mwaka huu wa tisini na tatu habari za vibali zilikuwa zimekwisha. Maduka yamefunguliwa, kila mwenye fedha achague akitakacho. Hakuna aliyewaambia akina Mwinjuma kwamba kuchagua nako kuna elimu yake.

Mkewe, Mwanabibi, hakusikia swali wala kicheko. Alikuwa ameinua shingo anatazama. Matairi yalipangwa kutoka sakafuni hadi kwenye mabati ya paa, meusi, mapya, mengine yamemzidi kimo, na harufu yake ilijaa puani kama harufu ya mvua ya kwanza. Maishani mwake hakupata kuona matairi mapya zaidi ya mawili kwa pamoja. "Subhanallah," alisema peke yake. Kisha akaona kwamba kila moja limeandikwa. Ubavuni, kulizunguka lote, herufi na tarakimu zilikuwa zimetuna kwenye mpira.

Mwanabibi alisoma kisomo cha watu wazima mpaka akapewa cheti, na tangu siku hiyo hakuweza kupita kwenye maandishi bila kuyasoma. Alisoma magunia ya sukari, alisoma kanga za wenzake migongoni mwao hadi wakakereka. Sasa akaweka kidole kwenye tairi na kuanza kulizunguka polepole, kama anayemshika mtoto uso.

"Mama, utachafuka," muuzaji akamwambia.

"Sichafuki mie. Hapa kumeandikwa tisa, nukta, sifuri sifuri, halafu ishirini. Ndiyo saizi hiyo?"

Muuzaji akamtazama upya. "Ndiyo, mama. Hiyo ni mia tisa kwa ishirini. Bedford nyingi zinavaa mia nane ishirini na tano kwa ishirini, ila hizo zimeniishia. Lakini ringi ni ileile, hii itaingia. Nawapa kwa bei ya ile ndogo."

Hapo Mwinjuma akachangamka. Kabla ya lori alikuwa mkata boriti za mikoko kule deltani, na soko la boriti alilijua kuliko mistari ya kiganja chake. Huko mti mnene ndio mti. Muuzaji akikupa boriti kwa bei ya pau nyembamba, hutaki maelezo, unabeba upesi kabla hajazindukana. Watu wote wa delta wamelelewa hivyo, na Mwinjuma alikuwa mwana wao hasa.

"Tupe mawili," akasema.

"Baba Kudra," Mwanabibi akamnong'oneza, "si ameshasema letu linavaa dogo?"

"Mama Kudra, tumepewa nene kwa bei ya nyembamba. Fungua pindo hilo."

Mwanabibi akafungua pindo la kanga. Fedha iliyokuwa ndani ilikuwa mikorosho thelathini ya kijijini Mahege, urithi wake kutoka kwa babake, ambayo alikuwa ameiuza juma lililopita kwa hiari yake mwenyewe ili lori literemke kwenye magogo lilipokaa miezi minne. Hakuhesabu. Alimkabidhi muuzaji furushi zima, akarudisha kidole kwenye yale maandishi. Moyo ulimuuma kwa ajili ya mikorosho, lakini kwa kweli macho yake yalikuwa hayajashiba.

*

Fundi matairi wa Kibiti alikuwa Stephano, mtu wa Mahenge kule bara, aliyefundishwa kazi kwenye gereji ya mapadri kabla ya kuhamia pwani. Alikuwa mpole, mwenye mikono mipana, na hakuzoea kubishana na wazee. Alipoyaona matairi mapya yanateremshwa kwenye basi alitabasamu; alipoinama na kuyasoma, tabasamu likaondoka.

"Mzee, haya ni mia tisa."

"Najua. Nilikuwepo."

"Lako ni mia nane ishirini na tano."

"Ringi si ishirini?"

"Ishirini, mzee."

"Basi liingize."

Watu walikuwa wamekusanyika. Lori la Mwinjuma kupata matairi mapya lilikuwa jambo la kutazamwa, na Mwinjuma, aliyechekwa Gerezani, hakuwa tayari kuchekwa tena siku mbili baadaye mlangoni kwake. Lori lilihitaji matairi manne nyuma, mawili kila upande, moja la ndani na moja la nje. Mawili ya zamani yalikuwa bado yanafaa, mawili yalikwisha pasuka. Mwinjuma akaamuru kila upande upate jipya moja nje, ili watu waone, na la zamani likae ndani.

Stephano akachukua spana, akaanza kazi. Lilipoingia la kwanza Mwinjuma akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Limeingia, halikuingia?"

"Limeingia, mzee."

"Basi."

Mwanabibi alikuwa amekaa kwenye kigogo pembeni anasuka ukili wa kuunga mkeka, kwa maana mikono yake haikujua kukaa bure. Miguuni mwake palikuwa na mojawapo ya matairi yaliyopasuka. Alilivuta karibu. Pale lilipochanika nyuzi zilikuwa zimetoka nje, na hizo nyuzi hazikuwa zimelala ovyo. Tabaka moja lilikwenda upande huu, lililofuata likalikata kwa mshazari, tena na tena, kama miyaa ya ukindu inavyopishana kwenye ukili.

"Fundi," akaita. "Kumbe hiki kitu kimesukwa?"

"Kimesukwa, mama. Tabaka kumi na nne. Mpira wa nje ni nguo tu; kinachobeba ni hizo nyuzi."

Mwanabibi akaduwaa. Maisha yake yote aliamini kwamba mambo ya gari ni mambo ya chuma na wanaume, na hapa, ndani ya tairi, kulikuwa na kazi yake. Akasogea hadi alipo Stephano. "Nieleze basi zile namba."

Stephano akachora chini kwa spana. "Ishirini ni tundu la katikati, ndipo ringi inapokaa. Ndiyo maana limeingia. Namba ya kwanza ni unene wa tairi lenyewe. Na tairi, mama, likinenepa huwa linarefuka pia. Hiyo ndiyo shida yetu."

"Mbona humwambii?"

"Nimemwambia. Wewe ulisikia."

Jeki ikateremshwa, lori likakanyaga ardhi, watu wakashangilia. Mwanabibi hakushangilia. Alizunguka nyuma, akachuchumaa, akachomoa mwaa mmoja kwenye kazi yake, ukindu mwembamba uliochanwa, akauingiza chini ya tairi la ndani. Mwaa ukapita. Uliingilia nyuma ukatokea mbele bila kugusa kitu.

"Baba Kudra. Hili halikanyagi."

Mwinjuma akaona watu wanainama kutazama. Masikio yakamwaka moto. "Gari tupu hilo! Likipata mzigo litakanyaga. Kasuke mkeka wako, mwenzangu, niachie gari langu."

Mwanabibi akaukunja ule mwaa, akautia kwenye pindo la kanga, pale palipokuwa na fedha. Gari lilikuwa la mumewe, ni kweli. Lakini matairi yalikuwa mikorosho yake, na mikorosho hiyo haikuwa na mingine nyuma yake.

*

Mzigo wa kwanza ulikuwa mpunga wa Mtunda kwenda Dar es Salaam. Mwanabibi alipanda mbele na mumewe bila kuomba ruhusa, na Mwinjuma, ambaye dhamiri ilikuwa inamkwaruza, hakumkataza.

Magunia yakapakiwa hadi bodi ikalia. Mwanabibi akashuka na mwaa wake. Safari hii ulishikwa chini ya tairi la ndani, na Mwinjuma akacheka kwa ushindi. "Si nilikwambia?" Lakini Mwanabibi aliuvuta taratibu, nao ukatoka mzima. Akautia chini ya tairi la mbele, akauvuta. Ukakatika.

"La ndani linagusa tu," akasema. "Halibebi."

"Unanitia nuksi, mama Kudra. Panda twende."

Njia ya Mtunda ilikuwa mchanga mahali na mashimo mahali. Mwinjuma alisikia kitu kwenye usukani, si kishindo, ni uzito fulani wa upande, kama mtu anayeburuza mguu. Alijidanganya kwamba ni mchanga. Kabla ya kufika Kibiti ikaja harufu, na harufu ya mpira unaoungua dereva hawezi kujidanganya nayo. Aliendesha polepole hadi mbele ya kibanda cha Stephano, akazima moto, akakaa ameshika usukani.

Mwanabibi alikuwa ameshashuka. Aliweka kiganja kwenye tairi jipya, akakirudisha upesi akikipuliza. Kisha akapenyeza mkono hadi la ndani, akauacha hapo.

"Baba Kudra, njoo uguse."

"Nimeshanusa."

"Njoo uguse."

Akashuka. Akagusa la nje, likamchoma. Akagusa la ndani, lilikuwa na uvuguvugu kama chungu kilichoepuliwa tangu mchana. Alisimama pale, mkono mmoja unawaka, mwingine haukuwa na habari, na watu wa sokoni wameanza kusogea. Wote walidhani atafoka.

Mwinjuma hakufoka. Alikuwa ameona kitu ambacho kwa wiki nzima alikataa kukiona, nacho kilimjia kutoka kwenye tope la mikoko. Ujanani alikuwa akibeba boriti begani na mtu mmoja akiitwa Mshamu. Mshamu alikuwa mfupi. Siku moja waliingia bega kwa bega chini ya fungu moja kubwa, Mwinjuma akalibeba mpaka chomboni bega likichubuka, na alipogeuka akamkuta Mshamu kashika fungu kwa mkono, bega halijaguswa hata na gome. Hakuwa mvivu. Hakulifikia tu.

"Hili la ndani ni Mshamu," akasema.

Watu hawakuelewa. Mwanabibi alielewa, kwa maana hadithi ya Mshamu alikuwa amesimuliwa tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Moja limebeba la wawili," Mwinjuma akaendelea. "Ningefika nalo Mkuranga likapasuka, la Mshamu likapasuka nyuma yake, na mpunga wa watu ukamwagika. Mama Kudra, nilikuwa naichoma mikorosho ya babako, mwenyewe nimeshika usukani." Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. Watu wakatazama pembeni, kama inavyopasa.

Stephano alikuwa amelala chini ya bodi anachungulia. Akatoka, akajipangusa. "Mpira umepata joto, mzee, nyuzi bado hazijaumia. Na yale manne—"

"Manne yapi?"

"Ya zamani, mzee. Yale mawili ya mbele na haya mawili ya ndani. Yote manne ni mia nane ishirini na tano." Akasubiri ruhusa. Mwinjuma akaitikia kwa kichwa, na safari hii alisikiliza. "Mbele tairi linakaa peke yake. Halina mwenzake wa kupimana naye ubavuni. Tuyahamishie haya makubwa mbele, moja kulia moja kushoto, yatalingana. Usukani utakuwa mzito kidogo. Nitaukata mpaka mwisho kila upande tuone kama hayagusi bodi. Ya mbele tuyarudishe nyuma yaungane na wadogo wenzake."

Ilikuwa rahisi kiasi kwamba Mwinjuma alitamani kuketi chini. Jibu la mikorosho thelathini lilikuwa kichwani mwa mtu huyu tangu siku ile, na yeye alimkatiza kwa "Basi".

*

Walishusha nusu ya magunia. Walikita vipande vya boriti chini ya ekseli, Mwinjuma mwenyewe akivichagua, na kwa hilo hakuna aliyemzidi. Matairi yote yalipokuwa yamelazwa mchangani, Stephano akayapanga yale madogo jozi jozi, mawili yaliyotoka mbele pamoja, na mawili yaliyotoka nyuma pamoja, kama fundi yeyote angefanya.

"Ngoja," Mwanabibi akasema.

Alikuja na ukili aliousuka wiki ile, mrefu, umebiringishwa. Akalizungushia tairi la kwanza ukili, akaukaza, akaufunga uzi mwekundu pale ulipokutana. La pili, uzi wa kijani. Alipomaliza la nne aliunyoosha ukili chini, na watu wote, wachuuzi wa samaki, wenye mpunga, mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kununua chumvi, wakainama. Nyuzi nne zilikaa mbili mbili, lakini si kama Stephano alivyozipanga. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limelika upande mmoja kwa miaka, likawa linalingana na la nyuma la kulia. Mengine mawili yalilingana yenyewe kwa yenyewe.

"Mkeka ukiunga kili zisizolingana, unapinda," Mwanabibi alisema kwa aibu kidogo, maana macho yote yalikuwa kwake. "Nilidhani labda na hili."

Stephano alikwenda ndani akaleta futi yake ya chuma. Akapima, akapima tena. Kisha akavua kofia.

"Mama, nimefanya kazi hii miaka ishirini. Jicho langu lilikuwa limesema vingine."

Hapo Mwinjuma akapiga magoti mbele ya mojawapo ya yale matairi ya zamani. Akatemea kidole mate, akafuta tope ubavuni, akasugua hadi tarakimu zikajitokeza, zimelika lakini zinasomeka. Nane, nukta, mbili, tano. Halafu ishirini. Akazisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyefika kwenye aya mpya.

"Miaka kumi na minane," akasema, "lilikuwa linaniambia. Na mie kila nikisimama njiani naenda pale pale kulikojolea."

Sokoni kote wakaangua kicheko, na Mwinjuma akacheka nao mpaka akakaa chini. Mwanabibi naye alicheka, kisha akageuka kuyatazama matairi sita yaliyolala mchangani, na kicheko kikamwishia. Magunia yote yale, njia yote ile, na kilichoyashika juu ya ardhi ni upepo na nyuzi zilizosukwa, mahali pasipozidi upana wa sahani sita.

Kazi ilikwisha baada ya alasiri. Lori likapakiwa upya. Mwanabibi alizunguka na miyaa yake sita, akaingiza mmoja mmoja chini ya kila tairi, na kila alipovuta, ukakatika.

*

Aliondoka Mwinjuma peke yake. Siku tatu Mwanabibi hakusuka hata shubiri moja. Mmiliki mpya wa mikorosho ya Mahege alipita kumsalimu na kumweleza kwamba ameanza kufyeka chini yake. Alimjibu vizuri, akamkaribisha maji, na baada ya kumsindikiza alikaa muda mrefu akitazama barabara.

Siku ya nne, saa za adhuhuri, honi ikalia upande wa Mchukwi, njia ya Dar es Salaam.

Lori lilikuja pole pole, limejaa vumbi, na ndani ya bodi kulikuwa na mzigo wa kurudia, mabati na magunia ya saruji ya mfanyabiashara wa Ikwiriri. Likasimama mbele ya nyumba. Jirani wakatoka. Mwinjuma alizima moto, lakini hakufungua mlango. Alikaa pale juu, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa ndani.

Mwanabibi hakumtazama. Alikwenda tairi la mbele la kulia, akaweka kiganja. Akapita la kushoto. Akazunguka nyuma, akagusa la nje, akapenyeza mkono kwa la ndani; akahamia upande wa pili, akafanya vilevile. Hata wale jirani waliokuwa wakimcheka kwamba anapapasa gari kama anayetafuta homa wakasogea kutazama.

Matairi mawili ya mbele yalikuwa na joto moja. Manne ya nyuma yalikuwa na joto moja.

Alirudi mlangoni, viganja vyeusi, akainua uso kwa mumewe. Mwinjuma alikuwa bado ameketi, anamtazama kwa heshima ambayo kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa akiiweka kwa maimamu na makarani.

"Je, mama Kudra?"

"Yamebeba yote," akasema. "Haya, shuka sasa."